Kula ya Saa Tano

Kwa miaka kumi na tisa Jescah Mideva alikuwa mpishi wa chuo cha ualimu upande wa Shieywe, na sahani haikuwahi kurudi jikoni kwake na chakula ndani. Ndiyo maana jina la "Mama Kula" lilimchoma kuliko jiko lenyewe.

Jina hilo lilizaliwa siku ya fainali, mwaka wa tisini na tatu. Asubuhi Mwalimu Cleophas, aliyeongoza timu ya mpira ya chuo, alipita mbio dirishani akielekea uwanjani.

"Mama Jescah, waambie vijana: saa tano kula, saa sita mechi!"

Saa tano kamili aliwapakulia obusuma, ugali wa milima kwa milima, na ingokho, kuku wa kienyeji aliyechemka tangu alfajiri. Walikula mpaka viwiko vikang'aa mafuta. Huko uwanjani Mwalimu alikuwa akimngoja nahodha wake, Chrispinus, aje apige kura ya jezi, maana timu zote mbili zilivaa kijani. Nahodha hakutokea, na kijani kikaenda kwa wapinzani. Vijana walicheza kama ng'ombe aliyeshiba nyasi mbichi. Chrispinus akatapika nyuma ya goli. Wakafungwa tatu bila.

"Nilisema kura," Mwalimu aliwaambia watu jioni. "Mama huyu akasikia kula!"

Jescah alirudi kwenye sufuria zake. Masikio yake yalikuwa mazima. Ila kinywani mwa Mwalimu r na l ni mapacha: ukimwita mmoja, anaitika mwingine. Lakini nani angemwamini mama aliyeishia darasa la sita, dhidi ya mwalimu wa Kiswahili?

Mwaka uliofuata vijana wakafika fainali tena, na wapinzani ni wale wale. Mkuu wa chuo akasema wazi kwamba vijana wakilemewa na chakula tena, jiko litapewa mtu mwingine.

Alhamisi Jescah akaegemeza ubao mdogo mlangoni mwa jikoni, akamwita Mwalimu na kumpa chaki.

"Mwaka huu sipokei maneno ya dirishani. Andika."

"Mama, kwani huniamini?"

"Nakuamini. Andika."

Mwalimu akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa darasani: *Jumamosi. Saa tano, kula. Saa sita, mechi.*

Jael, msichana aliyekuwa akimenya viazi, akasoma kwa sauti kisha akaziba mdomo kwa leso. Jescah hakucheka.

"Mwalimu, hiyo kula ni ya mdomo ama ya karatasi?"

"Ya karatasi, bila shaka. Ya jezi."

"Haya, soma ulichoandika."

Akasoma. Akasoma tena, polepole, kidole kikifuata herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole kikakwama kwenye l.

Jescah akamnyooshea kitambaa kibichi. "Futa, mwanangu, kabla wanafunzi wako hawajaona. Mimi nasikianga vizuri, na sasa unajua. Inatosha."

Mwalimu akakipokea kile kitambaa, akakishika tu. Kisha akatoka mlangoni, akawaita vijana wote waje, akawaonyesha ubao.

"Someni. Yule Mama Kula mnayemcheka tangu mwaka jana ni mimi."

Wakatazamana. Chrispinus ndiye aliyethubutu. "Basi, Mwalimu, tutakuwa tunakuita Baba Kula!"

Kicheko kikapasuka, na Mwalimu akacheka nao, ingawa shingo ilimtoka jasho.

Jumamosi Jescah aliwapa uji wa wimbi na viazi vitamu saa mbili asubuhi, basi. Saa tano Chrispinus akapiga kura, akapata kijani. Dakika za mwisho akafunga kwa kichwa, bao moja, na hilo likatosha.

Jioni walirudi wakiimba, matope mpaka magotini. Chrispinus akainamisha kichwa dirishani, kofia mkononi.

"Mama Jescah, sasa ni saa ya nini?"

Jescah akafunua sufuria ya ingokho, mvuke ukamfunika uso.

"Ya mdomo," akasema. "Nendeni mnawe mikono."