Mwokozi wa Maua ya Mwambani

Maua ya mwituni ya kisiwa hiki hayajawahi kumwomba mtu maji. Umande na hewa ya upole vinayatosha. Mama Makopo, kama mtaa unavyomwita, haamini hilo hata kidogo. Kila asubuhi hupanda mwambani na kijiko cha kupakulia, akayachimbua na kuyashusha yamefungwa kwenye taulo lenye unyevu kama vichanga. Kibarazani huyaotesha kwenye makopo ya rangi na kuyamwagilia kutwa mara tatu, huku akiyabembeleza kwa sauti ambayo mumewe hajaisikia tangu harusi. Ikifika siku ya nne yamekata roho. Wifi yake, anayeishi naye, ndiye huzibeba maiti hadi jalalani.

“Wifi, kwani kule mwambani yalikuwa na shida gani?” alimuuliza Mama Makopo juzi.

“Yalikuwa yanateseka. Nani anayajali kule?”

Jana wifi alikuta ua moja la zambarau limechanua jalalani, katikati ya majivu, limesimama wima bila msaada wa mtu. Akasikia ndala nyuma yake, akajisogeza alifiche kwa gauni. Alichelewa.

“Maskini wee,” alisema Mama Makopo, kijiko tayari mkononi.