Mguu wa Mwalimu, Fimbo Yangu

Kosa langu la kwanza nikiwa mganga lilikuwa kumwomba mtu samahani wakati anaungua. Nalitaja mapema kwa sababu nililirudia baadaye kwa namna nyingine, nje ya mchezo, na hilo la pili ndilo linalonifanya niandike.

Mwezi uliopita nilishuka Korogwe kubadili basi nikienda Handeni kumwona bibi. Wauza machungwa bado wanakimbilia madirisha ya mabasi na vikapu vichwani, bado wanamenya chungwa kwa kisu kidogo ganda likatoka zima kama utepe. Nilikuwa na saa nzima ya kusubiri. Nikatembea hadi nyuma ya stendi, kwenye ule mstari wa maduka yenye baraza ya saruji. Duka letu la intaneti sasa linauza vipodozi na nywele za kusuka. Nilisimama mlangoni hadi muuzaji akaniuliza, "Kaka, nikusaidie?" Nikasema namtafuta mtu. Nilimdanganya. Nilikuwa natafuta mahali ilipokuwa mashine namba nne.

Kama uliwahi kupita pale miaka ile utakumbuka: mashine nane zilizotenganishwa kwa plaiwudi, feni moja iliyogeuka kwa kusitasita, harufu ya vumbi lililopata moto. Nje kuna sauti za makonda, na treni ya mizigo ikipita vioo vilitetemeka kidogo. Umeme ukikatika tulisikia kila mtu akisema "aaa" kwa pamoja, kisha jenereta ikakohoa uani.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa dunia ya kubuni. Watu wa nchi mbalimbali waliingia humo kwa mtandao, kila mmoja na mhusika wake. Jambo kubwa kuliko yote tuliliita reidi: watu kumi wanaingia pangoni pamoja kuliua jitu ambalo mtu mmoja hawezi. Mmoja anakuwa ngao, anasimama mbele ili apigwe yeye. Wengi wanashambulia. Mganga hashambulii. Anaangalia mistari ya kijani inayoonyesha uhai wa wenzake na kuijaza kabla haijaisha, na kila anapoponya anapunguza mstari wake mwenyewe wa bluu.

Mganga nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, kidato cha kwanza, nikikaa Korogwe kwa mama mdogo. Kila Jumamosi saa nane mchana, nikishafua sare na kujaza mapipa ya maji, nilikwenda dukani. Tulikuwa wanne pale: mimi, dada mwenye duka aliyepiga mishale, fundi redio wa jirani aliyerusha moto, na mwalimu wa hesabu wa shule yangu. Mwalimu ndiye alikuwa ngao. Wengine sita walikuwa mbali, hatukuwahi kuwaona sura.

"Mtu wa Handeni asipokuwa mganga, nani awe?" fundi aliniambia siku ya kwanza. "Huyu hata mahesabu hafanyi, anaulizia mizimu ya kwao."

Lakini mahesabu nilifanya, na pengine nilizidisha. Nilikuwa na daftari la mraba ambamo nilinakili kila pete, kila joho, kila mkufu ambao mganga anaweza kuvaa, na namba zake. Kiingereza kingi ninachokijua nilikipata humo, kwa kamusi ya kuazima. Hakuna aliyenifundisha. Mwanzoni nilichagua vifaa vyenye nguvu kubwa ya kuponya tu, nikaringa, na dakika ya tatu ya pambano nikawa napiga kelele "bluu imeisha!" huku watu wanaanguka mmoja mmoja. Nikarudi kwenye daftari. Nikajifunza kuvaa pete dhaifu inayorudisha bluu, na nikajifunza jambo ambalo waganga wa nchi zenye mtandao wa kasi hawalihitaji. Dawa yangu ilichelewa njiani karibu sekunde mbili. Nikisubiri mtu aumie, nilikuwa naponya maiti. Ilibidi nijue nani ataumia kabla hajaumia. Kwa hiyo niliwatazama watu sana. Nikiwa shuleni, nikiwa mezani kwa mama mdogo, sikuweza kuacha kutazama.

Sasa lile kosa. Jitu la kwanza tulilopambana nalo lilitema moto sakafuni, na mwalimu akawa amesimama juu ya moto bila kuuona. Mimi niliuona. Nikainua uso juu ya plaiwudi nikasema, "Mwalimu, shikamoo, samahani, naomba kama inawezekana usogee kidogo upande wa—"

Alishakufa. Tukafa wote.

"Akimaliza samahani zake mzee ameshakuwa mkaa!" fundi alisema, akacheka hadi akapiga meza.

Mwalimu hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Ukikaa kwenye hicho kiti mimi si mwalimu wako. Unaniona naungua, unasema: toka. Sema."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sema."

"Toka... mwalimu."

"Punguza neno moja."

Ilinichukua wiki kadhaa. Mtoto aliyelelewa na bibi yangu hamwamrishi mtu mzima. Kwa bibi, hata kumpita mzee aliyekaa bila kuinama kidogo ilikuwa kesi. Lakini mwalimu alinifundisha kama anavyofundisha milinganyo, kwa kurudia, na mwisho nikawa napiga kelele "toka!" mtu mzima wa miaka hamsini anatoka mbio, na sote tunaona ni kawaida. Tulipotoka nje barazani nilimwamkia upya, akaitikia marahaba kwa sauti yake ya darasani.

Mwaka uliotangulia, kabla sijahamia Korogwe, niliishi Handeni kwa bibi na babu. Asubuhi niliamshwa na sauti ya bibi akipasua kuni na harufu ya viazi vya jana vinavyopashwa jivuni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupeleka beseni la maji ya uvuguvugu chumbani kwa babu. Babu alikuwa na sukari. Bibi aliosha kidonda chake cha kisigino kila siku, akikisugua kwa kitambaa, na babu alikuwa akipiga soga tu, hashtuki. Nilidhani ni ushujaa. Bibi akaniambia uani, akikamua kitambaa: "Si ushujaa. Mguu hausikii. Kidonda kikiuma unakihangaikia. Hiki hakikumuuma, akakiacha hadi kikatupita." Babu alifariki kabla mahindi hayajakomaa mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke: nilijua.

Jitu kubwa la mwisho lilikuwa la mawe, linaishi chini ya mlima, na tulishindwa nalo muhula mzima. Likifa, lilikuwa linaweza kuacha fimbo nyeupe ya mganga. Katika daftari langu vifaa vyote vilikuwa na alama ya vema isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo ulikuwa fimbo. Siwezi kukueleza ule mstari mtupu ulivyonisumbua. Nililala nao.

Mwalimu alianza kuja na chupa kubwa ya maji. Aliimaliza, akamwomba dada nyingine. Katikati ya maandalizi alisema, "Subirini kidogo," akaenda msalani, mara ya pili, mara ya tatu.

"Mwalimu, kibofu chako bado kiko levo ya kwanza," fundi alimtania.

"Kinangoja vifaa," mwalimu alijibu, wote wakacheka.

Jumamosi ya kwanza kati ya tatu za mwisho alikuja na makubazi badala ya viatu. Nilipookota kalamu chini ya meza niliona doa jeusi pembeni ya kidole gumba cha mguu wake, ukubwa wa shilingi, na maji yakitoka. Nzi alikuwa juu yake. Mwalimu alikuwa akitikisa mguu huohuo kwa furaha kwa sababu tulilishusha jitu hadi nusu.

Nilinyamaza. Nilijiambia ni heshima: mtoto hamwambii mwalimu wake habari za mwili wake.

Jumamosi ya pili doa lilikuwa limepanda. Alifunga kitambaa. "Viatu vipya vimenichubua," alimwambia dada, ingawa hakuna aliyeuliza. Jitu tulilifikisha robo. Nilikwenda nyumbani nikala ugali na kisamvu bila kusikia ladha, nikajiambia wiki ijayo nitasema.

Jumamosi ya tatu kulikuwa na harufu. Dada alinyunyiza dawa ya sakafu akidhani ni panya. Mimi nilijua ni nini, niliijua kutoka chumbani kwa babu. Nikakaa mashine namba nne. Nikahesabu vifaa vyangu. Sitaki kukuficha: nilifikiri kwamba mwalimu akienda hospitali hatutakuwa na ngao, na jitu lilikuwa karibu. Sikuogopa utovu wa adabu. Nilitaka fimbo.

Pambano lilichukua dakika kumi na moja. Sijawahi kuponya vile tena. Kila pigo nilijua linaelekea kwa nani, kila dawa ilifika pigo likiwa bado hewani. Nilisema "toka" mara saba na mwalimu alitoka mara saba. Lile jitu likapiga magoti, likavunjika vipandevipande, fundi akasimama juu ya kiti, dada akapiga kigelegele hadi watu wa stendi wakachungulia. Fimbo nyeupe ikatokea. Kwa kanuni ilitakiwa kupigiwa kura na waganga wote wawili, mimi na mmoja wa wale wa mbali. Mwalimu akaandika kwa kila mtu: "Mpeni kijana wangu." Wakanipa.

Nikaweka vema kwenye mstari wa mwisho. Ndipo, fimbo ikiwa yangu, nikapata uwezo wa kusema, na hata hapo si kwa mdomo. Mwalimu alikuwa amekaa futi tatu kutoka kwangu, ng'ambo ya plaiwudi. Niliandika kwenye sehemu ya ujumbe ambayo wote kumi tunaisoma: "Mwalimu nenda hospitali leo. Mguu umeoza."

Feni ilikuwa ikigeuka. Mtu mmoja wa mbali, nadhani wa Kenya, akaandika, "Nani ana mguu?"

Nilisikia kiti cha mwalimu kikisogea. Hakuniangalia. Alifunga mashine yake taratibu, akachukua ile chupa yake ya maji, akatoka. Fundi akanitazama kama nimemtukana mzazi. "Wewe, una wazimu?" Dada ndiye aliyeinama chini ya meza ya mwalimu, akaona sakafu ilivyolowa, akatoka mbio kumwitia bodaboda.

Walimpima sukari siku ileile. Wakamhamishia hospitali kubwa. Mguu ukakatwa chini ya goti. Watu wazima walinisifu: mama mdogo alinipikia pilau, fundi aliniomba radhi mbele ya wateja wake. Kila mtu alisema mtoto huyu alikuwa na jicho. Hakuna aliyeniuliza jicho lilianza kuona lini. Niliila ile pilau.

Mwalimu hakurudi shuleni wala dukani. Bila ngao wale wa mbali wakatafuta kundi jingine. Nilitumia fimbo mara mbili, na watu nisiowajua, kisha nikaacha kuingia. Baadaye wenye mchezo waliizima ile dunia yote, na mhusika wangu akazimwa pamoja na vifaa vyake.

Basi mwezi uliopita, nilipotoka pale kwenye duka la vipodozi, sikupanda basi la Handeni. Nilipanda gari la Vugiri. Huko ndiko alikostaafia, kwenye shamba la wazazi wake, kwenye ukungu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, magongo yakiwa ukutani. Mvi zimejaa. Alinijua kabla sijafika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mganga, karibu. Kaa, shika na wewe upande huo."

Tulipukuchua kwa muda. Maganda makavu yalikuwa yakipasuka vidoleni. Nikamwambia. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Babu. Daftari. Nilisema bila kusimama kwa sababu nilijua nikisimama sitamaliza.

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Wiki ya kwanza," alisema, "ungeniambia, ningekugombeza."

"Huenda ungekwenda, mwalimu."

"Huenda." Akapukuchua maganda mengine mawili. "Wiki tatu kwa kidonda kile ni nyingi. Siwezi kukudanganya kwamba si nyingi. Na mimi nilikuwa na macho pia. Nilifunga kitambaa ili nisikione." Kisha akainua uso. "Ile fimbo uliitumia?"

"Mara mbili."

"Mbili tu?" Akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichomfikisha kwenye kukohoa, na mimi sikuweza kucheka naye. Alipomaliza alifuta macho. Hakusema amenisamehe na sikumwomba aseme. Mke wake alileta uji wa moto wenye iliki. Tulikunywa, tukamaliza gunia, nikamsogezea magongo.

Mengi ya wakati ule hayapo: duka, wale watu sita tusiowajua sura, mchana wa Jumamosi ulioanzia kwenye mapipa ya maji. Fundi alihamia Tanga. Dada ameolewa, sijui wapi. Daftari lilibaki kwa mama mdogo na mvua ikaliharibu. Bado nina wasiwasi, bado nahesabu vitu, bado nawatazama watu kupita kiasi. Ila sasa nikiona jambo kwa mtu, namwambia siku hiyohiyo, hata kama ninachokitaka bado sijakipata.