Samaki wa Germaine

Élie Kataliko alikuwa na watoto sita, na hakukumbuka siku ya kuzaliwa ya hata mmoja. Lakini siku aliyoletwa Germaine kwenye bustani ya wanyama kando ya mto Tshopo aliikumbuka pamoja na mvua iliyonyesha. Germaine alikuwa mamba.

Kila mji una watu waliotekwa na kitu. Kuna wanaozeeka na mpira na kuna wanaozeeka na njiwa, na hao angalau mpira wao huingia wavuni na njiwa wao huruka. Wanaume watatu wa Kisangani walichagua kumpenda mnyama anayelala. Walijiita Cercle ya Marafiki: Kataliko, muuza chumvi na sabuni aliyetoka Butembo, Sefu Bilali, fundi cherehani, na Émile, karani mstaafu, aliyepewa ukatibu kwa kuwa ndiye pekee mwenye daftari. Sefu aliwashonea kofia tatu za kahawia, kwa imani kwamba mamba humtambua rafiki kwa kofia yake. Wakifika kwenye ukuta wa bwawa walizivua, wakainama kidogo, wakasema "Bonjour, Germaine," kwa sauti ya chini, maana sauti kubwa ingemvunjia heshima. Mgeni aliyesema "mamba huyu" alisahihishwa palepale: "Madame." Germaine akifumbua mdomo, Sefu alisema anacheka, Émile alisema anapunga hewa, na Kataliko alisema anamwita yeye. Kwa jambo hilo waliwahi kununiana wiki tatu.

Katungu Kyakimwa, mkewe Kataliko, aliyajua yote hayo kama mtu anavyolijua jino lake bovu.

Vita vilipofunga mto na meli za Kinshasa zikaacha kuja, wanyama wengine wa bustani walikufa kwa njaa, au waliliwa na watu wenye bunduki ambao hakuna aliyewauliza kitu. Kisha, Agosti ya mwaka 1999, majeshi mawili ya kigeni yakapigana katikati ya mji, na bomu likabomoa upande mmoja wa ukuta wa Germaine. Risasi ziliponyamaza, Kataliko alikimbilia bwawani. Kwamba duka lake limevunjwa na kusombwa mpaka rafu, alikuja kulijua jioni.

"Iko muzima!" aliingia nyumbani akilia machozi. "Nimeona mugongo wake. Iko palepale!"

"Na duka?"

"Duka gani?"

Tangu siku hiyo Katungu ndiye aliyelisha nyumba. Alibadilisha vipande vya sabuni vilivyosalia kwa wavuvi Wagenia, na kila Jumamosi akapata samaki mmoja, ngolo mnene mwenye sharubu. Na kila Jumapili, baada ya misa, Kataliko alimfunga ngolo yule katika jani na kumpelekea Germaine. Watoto walikula lituma ya ndizi zilizopondwa kwa sombe ya majani ya muhogo, kisha sombe kwa lituma. Félicité, kitinda mimba, alikuwa ametoka kwenye malaria na shingo nyembamba kama kikonyo cha papai.

"Papa Félicité, mutoto anahitaji samaki."

"Germaine naye iko peke yake, mama. Wewe uko na mimi."

"Ndiyo maana ninakufa njaa."

Jumapili moja ya Februari, Katungu aliona maneno hayatoshi. Alimfuata mumewe mpaka bwawani, akaapa kwamba ngolo wa siku ile atarudi nyumbani.

Aliwakuta wamesimama vichwa wazi, kofia vifuani. Hilaire, mlinzi wa pale, alimpokea Kataliko samaki kwa mikono miwili. Katika mji mzima uliokonda, Hilaire alikuwa ameota kitambi.

"Kwa nini hamumurushii nyinyi wenyewe?" Katungu aliuliza.

"Tangu bomu anaona haya," alisema Hilaire. "Anakula tukibaki sisi wawili."

Émile alitazama saa, akaandika huku akijisomea: "Saa tano na dakika kumi. Hajasogea. Huzuni."

"Jumapili iliyopita alisogea?"

"Tangu Agosti, hapana," alisema Sefu. "Ni maombolezo. Mamba akiomboleza, anaomboleza kweli."

Katungu aliegemea ukuta. Maji yalikuwa ya kijani, na katikati yake ulilala mgongo mrefu wa kahawia. Juu ya mgongo ule palikuwa na vitu vyeupe, vidogo, kama masikio.

"Na hivyo ni nini?"

"Magamba mapya," alisema Kataliko kwa fahari. "Ya uzee."

Katungu alikuwa ameuchuma uyoga ule miaka kumi na tano katika msitu wa Masako. Hauoti popote ila juu ya mti uliokufa. Alikunja kikwembe chake, akavua kiatu kimoja, akapita penye tundu la bomu.

"Mama Félicité, itakukula!" alipiga kelele Sefu.

"Usimwamushe!" alipiga kelele mumewe.

Aliingia majini mpaka magotini, akapiga mgongo wa Germaine kwa kiatu. Ukalia kama gogo, kwa kuwa ulikuwa gogo. Germaine mwenyewe alikwisha kuondoka kwa tundu lilelile usiku wa mabomu, akashika mto wake, bila kumuaga yeyote mwenye kofia.

"Hilaire," alisema Katungu, "lete samaki."

Hilaire alimleta.

Émile alifungua daftari. "Donc... pengine iko chini ya muti."

"Mubebe," alisema Katungu.

Wakabeba gogo mabegani, kofia vichwani, nyuso chini, na barabarani watu walisimama kando wakidhani ni maiti. Jioni ile Félicité alikula ngolo mpaka sharubu. Gogo likawekwa uani likauke, na Kataliko akawakataza watoto kulikalia.

Mwezi wa sita majeshi yaleyale yakarudi kupigana, safari hii siku sita. Hakuna aliyeweza kutoka kutafuta kuni. Siku ya tatu makaa yaliisha, ndani kukiwa na maharage makavu, maji ya pipa na watoto sita wanaolia. Katungu alitambaa mpaka uani, akalivuta gogo kwa kamba mpaka ndani, akalipasua kwa shoka. Liliwaka vizuri, polepole, bila moshi mwingi, siku zote zilizobaki.

Maharage yalipoiva, Kataliko alivua kofia yake mbele ya moto.

"Unaona, mama Félicité? Nilisema Germaine hatatuacha."

Katungu aliwapakulia watoto wote sita, akajipakulia mwenyewe, kisha akamsogezea yeye ukoko uliobaki.

"Vaa kofia yako, ukule."