Ng'ombe Wetu wa Kiriri

Nina mwandiko mzuri, na uongo wangu wote ulianzia hapo. Mwaka ule masomo yalisimama kwa sababu ya vita, nikawa nashinda nyumbani nikimchosha mama, hadi mjomba aliponiita nikamsaidie kwenye kibanda chake cha maziwa huko Jabe, mtaa wa watu wa kawaida mjini. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuandika kibao.

Maziwa halisi yalikuwa adimu. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, ambargo kama tulivyoiita, na kwenye barabara za milimani watu walikuwa wanaviziwa. Wale wauza maziwa waliokuwa wakiteremka na baiskeli kila asubuhi hawakuteremka tena. Mjomba alikuwa na mifuko ya maziwa ya unga iliyopenya kwa njia ambazo sikuziuliza, pipa la maji, na mwiko mrefu wa kukorogea. Alikuwa mtu wa kanisa, shemasi kabisa, kwa hiyo hakutaka nidanganye. Alitaka tu niandike vizuri. Basi nikaandika MAZIWA MAPYA KILA ASUBUHI, na kweli tuliyakoroga kila asubuhi. Chini yake nikaongeza Kifaransa, LAIT SÉLECTIONNÉ, yaani maziwa yaliyochaguliwa, na kweli mjomba aliyachagua, maana hapakuwa na mengine. Kisha nikachora ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu. Hatukuandika popote kwamba huyo ndiye aliyekamuliwa. Watu walijiunganishia wenyewe, nami niliona hiyo ni haki yao.

Hatukuwa peke yetu. Duka la sabuni lililotutazama liliuza "mzigo wa mwisho" tangu kabla ya Pasaka mpaka karibu na Noeli. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Ndipo akaja mukecuru. Hivyo ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima. Alikuwa amekimbia kutoka milimani, akawa anaishi na binti yake chumba kimoja nyuma ya soko, na binti yake alimlipia kikombe kimoja cha maziwa kwetu kila asubuhi. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake mpaka jioni. Siku ya kwanza alikunywa taratibu, akaitazama picha yangu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mteja wa mjini aliyewahi kuniuliza.

"Iyi ng'ombe yenu inaitwa nani?"

Hakuwa ananitega. Kwao milimani kila ng'ombe ana jina lake, na watu humsifu kwa jina hilo. Kunywa maziwa ya ng'ombe usiyemjua jina ni kama kula kwa watu bila kuwasalimu. Nikamjibu haraka kwamba anaitwa Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wekundu. Akauliza anakaa wapi. Nikasema Kiriri, kwa mkubwa mmoja, kwa kuwa kule juu kuna majumba yenye walinzi getini na sisi wa Jabe hatukuwa na la kufanya huko.

Nakiri uongo ule ulinoga. Mukecuru aliusambaza bila kujua, na haikupita wiki watu wakaanza kuomba "ile ya Bihogo". Mwalimu mmoja aliapa kwamba anaisikia ladha ya nyasi mbichi. Mjomba alininunia siku nzima kwa ajili ya roho yake, kesho yake akaniagiza nipake picha rangi upya.

Kisha mukecuru akaanza kuleta nyasi. Alisema nyasi za bustani za Kiriri ni za kutazamwa, ng'ombe hazimshibishi. Kila asubuhi alitua mzigo mlangoni akaomba niupandishe kwa Bihogo, nami nikaahidi. Alipoondoka niliuzungusha nyuma, kwa jirani yetu, Mwarabu mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa anafuga mbuzi wa Idi. Yule mbuzi alinenepa mpaka akawa anahema akitembea. Jirani alisema mashallah, akacheka, na hakuniuliza kitu.

Nilicheka naye hadi asubuhi ile mukecuru alipokuja bila mzigo, kitenge kimechanika na goti limechubuka. Alikuwa amekwenda kukata nyasi ng'ambo ya mto Ntahangwa, risasi zikaanza, akaanguka akikimbia. Aliomba radhi kwamba Bihogo atalala njaa, akasema kesho atarudi palepale kwa sababu nyasi za pale ni nzuri. Niliona wazi kwamba mwanamke huyu atauawa kwa ajili ya picha niliyoichora mimi.

Mtu mwenye akili angesema kweli hapo hapo. Mimi nikamuua ng'ombe. Nilimwambia Bihogo amekufa usiku ule, ugonjwa wa ghafla, asihangaike tena na nyasi. Akaondoka, nami nikajipongeza.

Asubuhi iliyofuata alirudi na wanawake watatu waliokimbia kutoka kilima kimoja naye. Walikuja kutupa pole, kama inavyofanyika kwao ng'ombe akifa. Waliketi kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Mjomba ilibidi aache mwiko aje apokee rambirambi, na uso wake wa shemasi ulimfaa sana siku ile. Nilikuwa najiuma shavu nisicheke. Mukecuru akasema kwamba ng'ombe zake zilichukuliwa zote siku alipokimbia, na hakupata nafasi ya kuzililia. Kisha akalia. Kicheko kiliniisha, nikaona aibu hata kumtazama.

Sikuwa na la kufanya ila kumpelekea kikombe chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua, kisha akakishusha.

"Ilikuwa inakamuliwa," akasema. "Basi iko na ndama. Iyo ndama inanyonya nini?"

Katika ujanja wangu wote sikuwahi kufikiria ndama. Yeye akakisukuma kikombe kwangu.

"Mupelekee iyi. Mi nilishakula."

Nilijua hajala. Nilijua pia kwamba nikikipokea, hatakunywa kesho wala keshokutwa, mpaka ndama yangu iote pembe. Mjomba alinikazia macho ninyamaze. Sikunyamaza.

"Mukecuru, ndama haiko. Ng'ombe nayo haikuwako. Ni unga, tunakoroga na maji. Mi ndiye niliyesema uongo."

Wale wanawake wakageuka wakanitazama. Nilisubiri matusi, na kusema kweli niliyatamani. Mukecuru aliangalia picha ukutani, akaniangalia mimi, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge chake kilichochanika.

"Kumbe Bihogo haikukufa," akasema.

Akakivuta kikombe, akanywa yote.