Kipupwe cha Bibi

Harufu ya mafuta ya karafuu ndiyo iliyonijulisha kwamba baridi imeingia. Asubuhi za Disemba, nyumbani kwetu Hail, mtaa wa Maskati, Bibi alinipaka kifuani kabla sijavaa sare ya shule, viganja vyake vikavu na vya moto. "Kipupwe hicho, mjukuu wangu. Funga vifungo." Alizaliwa Unguja, ambako kipupwe ni majira ya baridi yanayofuata masika. Alipohamia Maskati akaikuta baridi ikija mwisho wa mwaka, akaipa jina lile lile. Nilipomwuliza jina hilo limetoka wapi, alikaza midomo akapuliza, "Pu! Pu! Husikii? Ndivyo midomo inavyofanya ikishikwa na baridi." Kamusi nilizonazo zinaeleza maana tu, asili hazisemi. Basi mimi nashika ya Bibi.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa amepata cheo wizarani, na kila Ijumaa wageni walikuja kunywa kahawa. Siku moja nilipeleka tende sebuleni, na mgeni mmoja akaniuliza kwa Kiarabu mbona nimejitanda shali. Nikamjibu kwa Kiarabu, ila baridi nikaiita kipupwe, nikidhani nalo ni neno la Kiarabu. Wakacheka. "Kumbe na nyinyi ni wa kule?" mwengine akamwuliza Baba, akimaanisha Afrika. Baba akacheka nao.

Walipoondoka alikwenda moja kwa moja jikoni, ambako Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akichuja tui. "Unanivunjia heshima, Mama. Kuanzia leo sitaki kusikia Kiswahili mbele ya watoto."

"Niseme nini basi, mwanangu? Kiarabu changu ni cha kuombea dua tu."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Baridi yote ile alinipaka mafuta bila neno, hata tulipokuwa peke yetu. Alifariki kabla ya Disemba nyingine.

Leo Baba amestaafu, na Kiswahili kimekuwa pambo. Mwezi uliopita nilimkuta akiwahadithia wageni maneno matamu ya mama yake, nao wakimsifu kwa kuhifadhi asili. Nikamwuliza mbele yao kama aliwahi kumwomba radhi.

"Ndiyo mambo ya wakati ule, binti yangu."

Nikamwambia aliyesimama jikoni siku ile alikuwa yeye, si wakati. Wageni wakainamia vikombe vyao. Nikatoka bila kuaga, na mpaka leo sijaona sababu ya kumtaka samahani.