Mawe Aliyoyabeba Obdulia

Wageni wa Obdulia wote husifu ukuta. Wakishatua mabegi na kuvua viatu vya mlimani, hutoka uani, hupapasa mawe na kusema, "Lo, watu wa zamani walijua kujenga!" Kisha hupiga picha. Obdulia huwajibu kwamba ulijengwa na baba yake, marehemu Saturio, halafu hukimbilia jikoni kugeuza nyama ya nguruwe isiungue. Kwa miaka yote ishirini aliyowapokea wapanda milima, hajawahi kula mlo hata mmoja akiwa ameuegemea ukuta ule.

Mwanamke mwenyewe si mwoga. Ana miaka sabini na minne, ni mjane, na ulimi anao. Asubuhi huwachemshia wageni supu ya kitunguu saumu, huwakaangia makombo ya mkate kwa zabibu, kisha huwapandisha hadi magofu ya zizi la juu, akiwaonyesha uyoga wa kuliwa na ule wa kukupeleka kaburini. "Wewe mwenye fimbo mbili," humtania mmoja, "mama yako alikuzaa na miguu minne?" Lakini wakifika kwenye kona ya msonobari uliopigwa na radi, hunyamaza. Huwaambia watangulie, yeye anafunga kamba za viatu. Wakishapotea machoni hupiga magoti na kuokota mawe.

Kwetu milimani, mtu akifia njiani bila padri wala kitanda, kila apitaye huweka jiwe mahali pale na kumwombea kwa sala ya Baba Yetu. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, pale kwenye kona alipigwa risasi Eleuterio, mpeleka barua wa kijiji chetu cha Valdecierzos. Alikuwa amejificha kwenye zizi la juu kwa siku nane. Wenye bunduki waliomfuata walikuwa watu wa mbali, hawakuijua milima yetu. Aliyewaonyesha njia ni kijana mchungaji wa miaka kumi na tisa, naye ndiye Saturio. Kama walimtisha, kama walimpa kitu, hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema.

Casilda, mjane wa Eleuterio, akaanza kuweka mawe. Kila Jumapili baada ya misa Saturio akapanda na punda, akabomoa rundo, akayateremsha mawe nyumbani. Wiki iliyofuata yakawa yapo mengine. Walikwenda hivyo miaka arobaini na saba bila kusemezana hata neno moja, na ukuta wa uani ukazidi kurefuka. Obdulia alipokuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kushika kamba ya punda. Aliambiwa tu kwamba mawe ya kona ni mazuri kwa kujengea. Ukweli aliupata baba yake alipokuwa anakata roho. Mzee alimshika mkono kwa nguvu hadi ukamuuma. "Yasirundikane, mwanangu. Watu watauliza." Naye akaitikia. Kuitikia kule ndiko kosa lake, na nalisema ingawa nampenda, maana tangu siku ile baba yake alipumzika, mzigo ukabaki kwake.

Casilda alipokufa, Obdulia alidhani na yeye sasa atapumzika. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi alipanda mikono mitupu, kuhakikisha tu. Akakuta jiwe moja bapa, limewekwa pale pale, jipya. Akaliteremsha nyumbani. Wiki iliyofuata likawa lingine. Tangu waanze kuja wapanda milima, mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu watu hawa wakiona jiwe limewekwa njiani, lazima na wao waongeze la kwao. Jiwe moja la Ijumaa, Jumapili ni mawe thelathini. Punda alishakufa zamani, kwa hiyo Obdulia aliyabeba mgongoni. Ikafika mahali akawa jikoni mchana kweupe, peke yake, anasikia jiwe likiwekwa juu ya jiwe. Akitoka uani hakuna mtu.

Oktoba hii walikuja wageni tisa kutoka Zaragoza. Mmoja wao, nesi mwenye ndevu nyekundu aitwaye Íñigo, alirudi nyuma kutafuta glovu yake, akamkuta Obdulia amepiga magoti, anashindilia mawe kwenye begi la uyoga.

"Mama, uyoga huo utaiva kweli?"

"Ni ya ukuta."

"Ukuta wako si umekwisha zamani? Nimeuona." Alicheka, kisha akauona uso wake. "Kwani hapa pana nini?"

"Hapana kitu."

Íñigo alitazama rundo lililobomolewa nusu, akavua kofia. "Bibi yangu alitoka milima kama hii," alisema. Akaokota jiwe lake, akaliweka taratibu, akasogeza midomo akisali.

Obdulia hakuweza kuliondoa. Alimwaga na yale ya kwenye begi, akateremka.

Mchana aliwaandalia mbavu za mwanakondoo uani. Íñigo alipokaribia meza aliutazama ukuta, jiwe baada ya jiwe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akakivuta kiti chake mbali nao, asiuguse. Obdulia aliona, akaweka sahani mezani. Kabla hata ya kuleta jibini alivua aproni akatoka.

Primitiva, binti wa Eleuterio, alikuwa ameketi mlangoni pake akiota jua. Ana miaka themanini na tisa, na kijiji kizima humwita shangazi. Upande wa pili wa barabara benchi la wazee lilikuwa limejaa, kama kila Jumamosi.

"Shangazi Primitiva."

"Binti Saturio! Umewaacha wageni na njaa?"

"Wanakula. Nimekuja kwa ajili ya mawe ya kona. Mimi ndiye ninayeyaondoa."

"Ee! Na mimi hapa nilidhani ni mbuzi." Bibi alicheka hadi akakohoa. "Keti, mtoto. Hilo hata kuku wa kijiji hiki wanalijua."

"Na lile la kwanza, nani huliweka?"

"Mimi. Magoti yalipokataa, nikamwomba mtu wa gari la mkate. Huliacha akipita barabara ya msituni."

"Lakini mahali mnapajua! Hamhitaji alama."

"Alama ya nini? Mama alipajua tangu siku ile. Aliweka mawe ili Saturio apande. Theluji ikianguka, apande. Akiwa na homa, apande. Baba yako alipomaliza zamu yake, ukaja wewe."

"Miaka yote hii, shangazi? Ulikuwa unataka nini kwangu?"

Primitiva hakucheka tena. "Alipouawa nilikuwa na mwaka mmoja. Nimenunua maziwa kwenu, nimecheza kwenye harusi yako. Hakuna mtu wa nyumba yenu aliyewahi kunitajia jina la baba yangu."

Obdulia aliketi kando yake. Alimpenda baba yake. Alimpenda hata sasa, yule mtu aliyembeba mabegani kwenda kumwonyesha wanakondoo waliozaliwa. Aliogopa kumwua mara ya pili, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

"Eleuterio," alinong'ona. "Baba yangu ndiye aliyewaonyesha njia ya zizi."

Bibi aliinama mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikio hili limekufa, mwanangu. Sema kwa sauti."

Benchi la ng'ambo likageuza shingo. Obdulia akasimama, akatugeukia, akarudia neno kwa neno kwa sauti ya kuitia kondoo. Nasi tuliokuwa pale, ambao siku zote tulijua, tukatazama viatu vyetu.