Kulungu Wote Walikuwa wa Malkia

Kwa umri wangu wote wa kazi hapa London niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua hutoka mashariki, kuwa kila kulungu wa Uingereza ni mali ya Malkia, kahesabiwa mmoja mmoja, na kwamba mtu aliyepewa uraia akimpiga hata mmoja, pasipoti inachukuliwa na yeye anapandishwa ndege. Aliyeniambia ni Mashaka, kinyozi wa Tottenham, mtu wa Tanga, ambaye sauti yake peke yake ilikuwa na mihuri mitatu. Nilikuwa nimekwenda kunyolewa kwa ajili ya siku yangu ya kwanza kazini.

"Uwanja wa shabaha? Kupiga visahani sawa," alisema, wembe uko shingoni pangu. "Kulungu usiguse, ndugu yangu. Yuko mtu wa Arusha alimgusa. Sasa hivi yuko Arusha. Na usiulize-ulize, maana hata kuuliza kunaandikwa."

Mtu mwenye wembe shingoni habishi.

Kesho yake nikaripoti uwanjani, nje kidogo ya jiji ukishapita Chingford, katika mvua ambayo Nuhu angeahirisha safari. Mkuu wangu wa kwanza, na kwangu mimi wa mwisho, alikuwa Mkufunzi Mkuu, mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu ambayo shomoro wawili wangeweza kupanga chumba ndani yake. Alinionyesha bunduki iliyofunguliwa katikati, akaifunga, akanikabidhi.

"Saidi, ndani mna nini?"

"Hamna kitu, bwana."

"Umejuaje?"

"Si umenionyesha?"

"Mimi nani hata uniamini? Fungua, utazame mwenyewe."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, vijana. Bunduki uliyopewa na baba yako mzazi, unaifungua na kutazama. Nimeifundisha mpaka mke wangu akawa anafungua sufuria na kusema, "Natazama mwenyewe."

Nilianzia kwenye mtambo wa kurusha hewani visahani vya udongo vya kulengwa, nikapanda nikawa msimamizi wa mstari, yule anayehakikisha hakuna mtutu unaogeukia watu. Jioni nilikuwa nasoma shule ya watu wazima Walthamstow, na nilipopata cheti (ukubwa wake kama mlango, nimekitundika sebuleni) nikapewa darasa la wapigaji wapya. Niliwafundisha sheria za kulungu. Kiswahili hakina jina hasa la wanyama hawa wa Kizungu, mimi nawaita kulungu na wao hawajalalamika. Niliwafundisha kwamba kuna miezi ya kufunga uwindaji, ambapo majike hayaguswi kwa sababu yana watoto; kwamba usiku hairuhusiwi; kwamba bunduki ndogo mno inatesa badala ya kuua; kwamba polisi atakuja nyumbani kukagua kabati la chuma kabla hujapewa kibali. Na kadiri nilivyozisoma sheria hizo, ndivyo nilivyozidi kumwamini Mashaka. Mali ya nani mwingine ingelindwa hivi?

Kiwango cha Mkufunzi Mkuu hakikuwa cha mchezo. Safari ya kwanza msituni mwanafunzi alibeba bunduki bila risasi hata moja. Alinyatia kutwa nzima, akalenga, akashusha. Akirudi aliulizwa, "Leo ungepiga mara ngapi?" Aliyejibu mara nyingi alirudia mafunzo. Kubwa alilolitafuta ni udongo nyuma ya mnyama: mlima, tuta, kitu cha kuimeza risasi ikishapita. Kulungu aliyesimama juu ya kilima, mbingu tupu nyuma yake, hapigwi hata akikuomba.

Mimi hayo niliyajua kwa kusimuliwa. Wao wakienda msituni, mimi nilibaki kibandani na birika la chai.

Kila Novemba, uwindaji wa majike ukifunguliwa, Mkufunzi Mkuu alikuja mlangoni. "Saidi, kesho alfajiri?" Na mimi goti liliuma, au kulikuwa na harusi, au msiba. Nilizika mashangazi wengi kuliko niliojaliwa. Wanafunzi waliozaliwa ng'ambo walipopata vibali na kuwinda bila kufukuzwa, nilijiambia labda wao wana mtu ndani. Alipokuja Bi. Harjit, Kalasinga wa Moshi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kingsbury, nikamfundisha kuanzia visahani, akawinda, akala na pilau, nikajiambia: huyu familia yao ilitoka Moshi na pasipoti ya Kiingereza mfukoni. Mimi yangu niliiomba.

Mwaka aliostaafu, Mkufunzi Mkuu aliniita ofisini.

"Kiti changu cha mtahini nataka ukikalie wewe. Lakini sitamweka mtu ambaye hajasimama mbele ya mnyama. Njoo nami mara moja tu."

"Siwezi, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

Nikainuka kuondoka. Akanipa fimbo yake ya miguu mitatu, ile ya kuegemezea bunduki. "Ukibadili mawazo," akasema.

Kiti kilipewa mtu wa haraka, na Meneja mpya akaikata kozi ikawa ya wikiendi moja. Safari isiyo na risasi ikafutwa. Wateja walisema inachosha. Jumamosi moja nikiwa kibandani nilisikia mlio mmoja kutoka msituni, kisha kelele. Mpigaji mpya, cheti chake bado kina joto la mashine, alikuwa amempiga kulungu juu ya mgongo wa kilima. Mguu ulivunjika, mnyama akakimbia, risasi ikaendelea na safari zake. Nyuma ya kilima kile kuna njia ya watu kutembeza mbwa. Siku hiyo, kwa rehema tu, ilikuwa tupu. Kulungu alipatikana jua likizama, bado anapumua.

Nilikwenda kumwona Mkufunzi Mkuu, naye alikuwa kitandani, masharubu yamenywea. Nikamweleza.

"Nilidhani una huruma kupita kiasi kwa hiyo kazi," akasema. "Nilikukasirikia, Saidi. Kisha nikazoea."

Nilitaka kumwambia. Ulimi ukakutana na wembe wa Mashaka. Majira ya kuchipua akafariki, akiamini kwamba kazi yake sikuitaka.

Baada ya tukio lile kiti alipewa Bi. Harjit, na jambo lake la kwanza lilikuwa kurudisha safari isiyo na risasi. Kwa hiyo mkiuliza kama wapigaji wapya siku hizi wanafundishwa vizuri, pale kwetu wanafundishwa. Ila miaka ya katikati hairudi. Fimbo iko ukumbini kwangu Walthamstow, inashikilia miavuli, na wajukuu wakiuliza ni ya nini, kwa Kiingereza chao, huwa nasema ni ya rafiki.

Siku ya kuniaga kazini Bi. Harjit alileta sambusa za kulisha kikosi.

"Mwalimu, sasa huna cha kupoteza. Kwa nini hukuja msituni hata mara moja?"

Nikamweleza yote: Malkia, hesabu, mtu wa Arusha. Nikamwambia hata Malkia alipofariki swali langu la kwanza lilikuwa nani karithi kulungu. Alicheka mpaka akashika meza.

"Yaani kinyozi, mwalimu? Na mzee wa watu anakungoja kila Novemba?"

Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Akanisogezea kikombe cha chai.

"Hao wa kuhesabiwa ni bata maji, wale weupe wa shingo ndefu," alisema taratibu. "Baadhi ya bata maji ndio wa Mfalme. Kulungu wa porini hana mwenyewe."